Kiwanja cha Pili cha Sheli

Jumanne, 3 Septemba 2024. Ruaha, Kilosa

Wamebandika tangazo kwenye geti la nyumba ya marehemu fundi cherehani. Karatasi moja tu, imetiwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe, ingawa mvua yenyewe bado tunaisikia redioni. Kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, kutoka makazi kwenda kituo cha mafuta. Mwenye pingamizi aandike ndani ya siku 30, apeleke halmashauri.

Kumbe ndiyo maana nyumba ile ilinunuliwa Machi halafu ikakaa bila mpangaji. Mwenye sheli anataka kuunganisha viwanja viwili, afukie tenki jingine la dizeli, aongeze pampu mbili, na eneo litakalobaki liwe maegesho ya malori. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mzee shikamoo, wameandika nini, wanauza?" Nikamwambia hapana, sheli inapanuliwa. Akasema safi sana, foleni itapungua. Akaondoka zake.

Jumatano, 4 Septemba

EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wametangaza bei za mafuta za mwezi, kama kawaida ya kila Jumatano ya kwanza. Petroli imeshuka kidogo. Siku nyingine hilo lingetosha kuzungumzwa kutwa nzima pale kijiweni. Leo hakuna aliyelishika. Kila mtu ana kiwanja cha fundi mdomoni.

Sitaki kumwonea mwenye sheli. Kabla hajaja, petroli hapa tulikuwa tunauziwa kwenye chupa za maji, zimepangwa juu ya benchi kando ya barabara, jua la saa saba linazipiga. Bei ni ya anayeuza, na ndani ya chupa kuna nini ni siri yake. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli na petroli, kwa hiyo wajanja walichanganya, injini zikafa. Mpaka EWURA walipoanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, ndipo mchezo ule ukapoteza faida. Sheli ilipofunguliwa tulishangilia, nami nilikuwepo.

Tatizo ni kwamba ilijengwa kwa ajili ya pikipiki, Noah na trekta mbili tatu. Sasa lami ya Kidatu hadi Ifakara imekwisha, kilomita 66.9, na daraja jipya la Ruaha Mkuu lina mita 133. Rais alikuja mwezi uliopita kufungua. Mchele wa Mlimba na Malinyi, ambao zamani masika ilikuwa inaufungia huko huko, unapita hapa usiku na mchana. Ongeza msimu wa miwa, matela ya wakulima wa nje yanapishana kwenda kiwanda cha sukari tangu alfajiri. Wote hao wanataka dizeli, na wote wanaitaka kabla hawajaanza kuitafuta Mikumi. Jana usiku nimeona Scania imesimama nusu kwenye lami, taa hazimo, utingo kalala chini ya tela kwenye mkeka.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya kanisa nimechukua futi yangu ya kitambaa, ile ya mita 50 niliyobaki nayo nilipostaafu kazi ya kuwashikia wapima mnyororo mashambani. Mjukuu akashika sifuri, mimi nikavuta.

Kwanza barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inataka mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, kwa barabara kuu na za mkoa. Zamani ilikuwa 22.5. Wengi hapa walijenga kwa hesabu ile ya zamani, ndiyo maana ukuta wa duka la vipuri umebaki na alama ya X ambayo mwenyewe amejaribu kuifunika kwa kalenda. Nimevuta kutoka katikati ya lami: geti la maegesho wanayoyataka, kama vigingi vyao vinasema kweli, linaangukia ndani ya hifadhi.

Halafu kisima. Hiki cha kwetu cha pampu ya mkono, nyuma ya nyumba ya fundi, ambacho kaya zote za mstari huu zinachota. Kwenye zege la chini mtu aliandika mwaka 1998 kwa kidole kabla halijakauka, na nane ya mwisho imeliwa na visigino vya watu. Mpini umefungwa mpira wa baiskeli mahali pa kushikia. Kutoka pale hadi kigingi chenye rangi nyekundu, ambapo fundi wao aliniambia ndipo shimo la tenki litakapochimbwa: mita 17.

Nimepima tena. Mita 17 na sentimita kidogo. Mjukuu akaniuliza mbona nimenyamaza.

Jumatano, 18 Septemba

Kikao cha kitongoji, chini ya mkungu. Watu walijaa kuliko siku ya kugawa mbolea ya ruzuku. Mwenye sheli alikuja na mtaalamu elekezi, kijana mwenye kompyuta begani, anayeandaa tathmini ya athari kwa mazingira ya kupeleka NEMC, baraza la mazingira. Kijana huyo alituambia hatujaja kuamua, tumekuja kutoa maoni. Kisha akazungusha karatasi ya mahudhurio. Nimeona karatasi kama hizo huko nyuma. Ukishasaini jina na simu yako, kwenye ripoti unakuwa mdau aliyeshirikishwa, hata kama ulichosema ni "hapana" tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilisaini, lakini pembeni nikaandika "napinga sehemu". Kijana aliiangalia, akatabasamu, akaendelea na mwenzangu.

Waliosimama kupinga karibu wote walizungumzia Msamvu, Morogoro mjini. Nani katika mkoa huu atasahau tarehe 10 Agosti 2019? Lori la mafuta limepinduka, watu wamekimbilia na ndoo na madumu, moto ukalipuka, tukazika zaidi ya watu 100. Dada mmoja alilia pale pale na kikao kikasimama.

Mimi Msamvu inaniuma kama inavyowauma wote, lakini haitusaidii katika shauri hili. Pale hapakuwa na suala la sheli wala kiwanja. Palikuwa na lori barabarani na umaskini kando yake. Ukimwandikia Afisa Mipango Miji kwamba unaogopa Msamvu, atakujibu vizuri tu kwamba kituo kitakuwa na vizimamoto, ndoo za mchanga na kibali cha Zimamoto, na hoja yako imekwisha.

Linalofanana na letu zaidi ni la Embakasi, Nairobi. Tarehe 1 Februari mwaka huu huu, usiku, lori la gesi lililipuka kwenye eneo la kujazia mitungi katikati ya nyumba za watu. Baadaye ikajulikana kwamba mamlaka yao ya nishati, EPRA, ilikuwa imekataa maombi ya ujenzi mara tatu mwaka 2023, na sababu iliyotajwa ni wingi wa makazi. Upande wa mazingira kibali kilikuwa kimetoka. Karatasi moja inasema hapana, nyingine inasema ndiyo, na gesi inajazwa. Niliposimama nikalisema hili. Mwenyekiti akanikumbusha kwa adabu kwamba tuko Kilosa, hatuko Kenya.

Mama ntilie wa kona naye alisimama. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Kaka zangu mnaopinga, nyinyi mna pensheni. Malori yakiondoka hapa mimi wali wangu namuuzia nani?" Watu wakapiga makofi, nikiwemo mimi, maana alisema kweli. Banda lake liko ndani ya hifadhi ya barabara. Yeye hata kwenye orodha ya majirani hayumo.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimekwenda sheli alfajiri. Meneja ni kijana mwenye heshima, ananiita baba. Alikuwa anapima tenki: anafungua kifuniko, anashusha fimbo ya chuma yenye namba, anaipandisha, anasoma ilipolowa, anaandika daftarini. Wao huita kupiga dipu. Hesabu ya fimbo ikilinganishwa na hesabu ya mita za pampu ndiyo inayomwambia kama kuna kinachopotea. Nikamuuliza, ikipungua lita chache kila siku? Akasema zipo pungufu za kawaida, mafuta hupungua kwa joto na baridi. Na tenki likitoboka tundu la sindano? Akacheka. "Hapo baba ni mpaka tofauti iwe kubwa."

Ndicho ninachokiogopa. Petroli inayowaka kila mtu ataiona. Inayovuja haina kelele. Inateremka kwenye udongo mpaka inayakuta maji ya ardhini, na kwa kuwa ni nyepesi inaelea juu yake na kusafiri nayo yanakoelekea. Ndani yake kuna benzini, ambayo inasababisha saratani ya damu. Dizeli nayo si maji ya kunawa. Hapa kwetu mteremko wote unaelekea mtoni, na kisima chetu kiko upande wa chini wa kiwanja cha fundi.

Jambo la pili ni mvuke. Wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kulala kwenye mitaro, na petroli hutoa mvuke wa kuweza kushika moto hata kwenye baridi ambayo Ruaha haijawahi kuiona. Mtaro wa sheli unapita mbele ya banda la mama ntilie. Majiko yake mawili ya mkaa yapo ukingoni. Nilimwonyesha. Akaniambia sheli ipo miaka yote na hajawahi kuona kitu, nami sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwomba asogeze majiko upande wa pili. Kasogeza moja.

Jumatatu, 30 Septemba

Barua imekamilika, kurasa mbili, sahihi za kaya kumi na tisa. Nimeandika kwa vipimo. Hakuna Msamvu ndani yake, hakuna "wananchi wamesikitishwa sana". Mita kutoka katikati ya barabara hadi geti. Mita kutoka kisimani hadi kigingi. Mwelekeo wa mteremko. Kwamba hatupingi pampu za dizeli kwenye kiwanja cha zamani; tunapinga tenki kwenye kiwanja kipya, na maegesho yanayofungukia kwenye hifadhi ya barabara. Tumeomba pia, kibali kikitolewa, tenki liwe la kuta mbili, na kuwe na shimo la kutenganisha mafuta na maji kabla maji machafu hayajaingia mtaroni.

Jirani wangu wa kulia amekataa kusaini. Anasema barua laini hivi ni ya mtu aliyepewa kitu. Jirani wa kushoto kasaini lakini anasema wivu tu utaniua. Basi.

Kuipeleka ni safari. Kutoka hapa mpaka Kilosa mjini unakwenda kwanza Mikumi, halafu unaiacha barabara ya Zambia unakata kaskazini, jumla zaidi ya kilomita 100, na kipande cha pili si cha kumpeleka mzee mwenye mgongo. Barua ameichukua mwalimu anayekwenda kwenye mambo yake ya uhamisho. Arudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, nimemwambia asisahau, muhuri ndiyo barua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Mwalimu. Uandikishaji wa daftari la wapiga kura wa serikali za mitaa unaendelea, nimekwenda kujiandikisha. Mwenyekiti yupo pale anasalimia kila mtu kwa mikono miwili. Nimemuuliza msimamo wake kuhusu sheli. Akaniambia, "Mzee wangu, mimi niko na wananchi." Wepi hao, wa boda au wa kisima? "Wote."

Alhamisi, 24 Oktoba

Wamekuja. Land Cruiser mbili, madiwani wajumbe wa kamati ya halmashauri, Afisa Mipango Miji, mtu wa ardhi, mtu wa mazingira, askari wa Zimamoto, na mwingine kutoka TANROADS, wakala wa barabara. Jua kali. Walianza kwa mwenye sheli, soda za baridi zikagawiwa. Wengine walikunywa, Afisa Mipango Miji alisema amefunga. Sikuwahi kusikia mtu amefunga Alhamisi ya kawaida, ila nilimpenda hapo hapo.

Ni binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alitandaza mchoro juu ya boneti, akaubana kwa simu na kwa chupa ya maji. Mchoro msafi kweli kweli: pampu, paa, choo, mishale ya magari kuingia na kutoka, miti sita ambayo haipo. Nikaomba ruhusa nisogee. Nikatafuta. Nikauliza, "Mwanangu, kisima kiko wapi humu?" Akapeleka kidole, akakirudisha, akazunguka upande wa pili wa boneti, akaangalia tena. "Baba, hakimo."

Diwani mmoja akauliza kisima hicho ni cha nani. Tukamwambia ni cha watu, kilichimbwa kwa michango na msaada. Kina nyaraka? Hakina. Kiwanja cha fundi kina hati, sheli ina hati. Kisima kina mwaka 1998 kwenye zege. Kitu kisicho na hati hakichorwi, na kisichochorwa hakipimwi umbali. Ndivyo mita 17 zilivyopotea, wala sidhani kama kuna aliyekaa chini kuzificha. Mchoraji alichora alichopewa.

Binti akaomba futi yangu. Akavuta mwenyewe, kiatu kimezama kwenye tope la kisimani, akasoma, akachukua penseli, akachora duara dogo kwenye mchoro wa watu na kuandika namba kando yake. Mwenye sheli alikuwa anaangalia. Akasema kwa upole kwamba tenki linaweza kuhamishwa, yeye hana ugomvi na maji ya watu, lakini maegesho anayahitaji. "Malori haya sikuyaleta mimi, yameletwa na barabara." Hapo alikuwa na haki kabisa.

Mtu wa TANROADS hakusema mengi. Alitembea mpaka kwenye vigingi vya geti, akatikisa kichwa, akaandika.

Mama ntilie aliwapikia wali na kuku. Hiyo haikuwa rushwa, walilipa.

Ijumaa, 15 Novemba

Habari zimefika kwa njia ya diwani, na leo nimeona nakala ya muhtasari. Kamati imekubali pampu mbili za dizeli na tenki jipya, ndani ya kiwanja cha zamani, upande wa mbali na kisima, kwa sharti kwamba EWURA na NEMC wapitishe kwa taratibu zao. Kuhusu kiwanja cha fundi, kamati haikupendekeza kubadilishwa matumizi. Kinabaki makazi. Maegesho hayapo.

Watu wamenipongeza, na jirani wa kulia amenishika mkono kama vile alisaini.

Nikapita sheli jioni. Meneja hana kinyongo. Alikuwa anahesabu fedha, akainua macho, akasema, "Baba, tumepata pampu mbili zaidi za dizeli na hatuna pa kusimamisha gari. Sasa wakija wengi zaidi watalala wapi? Si hapo hapo barabarani?"

Nimelifikiria hili mpaka usiku huu. Tulichokiomba tumekipata karibu chote, na malori yataongezeka, na bega la barabara ni lile lile. Kamati ilikuwa na ombi moja mezani, kiwanja kimoja, mmiliki mmoja, ikajibu alichouliza. Malori yalale wapi, hakuna aliyewasilisha ombi hilo. Mikumi wana nafasi, mji ule umezoea magari ya Zambia tangu sijaoa. Sisi tumeletewa barabara ya magari ya namna ile na mji ni ule ule wa baiskeli na miwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Jana tumepiga kura. Mwenyekiti amerudi.

Leo saa kumi na mbili jioni amekuja nyumbani, amekaa, amekunywa chai. Juzi usiku trekta la miwa limeligonga kwa nyuma lori lililolala mbele ya sheli. Hakuna aliyekufa, dereva wa trekta kavunjika mkono. Anataka niandike barua kwa niaba ya kitongoji kuomba TANROADS waweke alama za kukataza kusimama kuanzia darajani.

Nikamwambia alama pekee zitayasogeza malori mita 200 mbele, kwenye kivuko cha watoto wa shule. Tuombe na eneo. Lipo eneo la wazi upande wa kiwandani, tumwombe diwani alipeleke kwenye kamati lipangwe kuwa stendi ya malori, na mama ntilie na wenzake wapewe vibanda humo, kwa hati au kwa mkataba, chochote chenye karatasi. Na wakati tuko hapo, kisima kiombewe kutambuliwa.

Akasema hayo ni mengi, kwenye barua tuombe moja. Na akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililomleta: mwenye sheli amemwambia bado ana kile kiwanja cha fundi, na kama watu wakilalamika vya kutosha kuhusu malori, ataomba upya mwakani.

Tumebishana mpaka saa tatu usiku. Yeye anataka alama, mimi nataka stendi iwe ya kwanza kwenye barua na alama ziwe za pili. Atakuja tena Jumamosi. Nimemwomba safari hii aje na diwani, na nimempa mjukuu futi aisafishe tope.